Ukitaka Kulala Kwenye Noah Yako: Godoro, Stima na Pesa Barabarani

Kila likizo za shule zikikaribia kuna swali linalotufikia tena na tena: je, naweza kuzunguka Kenya nikilala kwenye gari langu, na nilipie kila kitu kwa simu bila kubeba pesa taslimu? Jibu fupi ni ndiyo, karibu kila kitu. Hilo neno "karibu" ndilo limetufanya tuandike makala hii, kwa sababu ukilala mbali na mji, simu yako ndiyo pochi, ndiyo ramani, ndiyo tochi, na ndiyo risiti ya geti. Ikizima saa mbili usiku, godoro zuri halitakusaidia kitu.

Kwanza tuelewane tunaongelea gari gani. Si Land Cruiser yenye hema juu ya paa, wala lori lililogeuzwa nyumba. Tunaongelea gari ambalo tayari liko mtaani kwako: Toyota Noah au Voxy, Nissan NV200, TownAce, hata ile Suzuki Every ndogo inayosambaza mikate asubuhi. Noah ina urefu wa karibu mita 4.7 na upana wa mita 1.7 hivi. NV200 ina mita 4.4. Every haizidi mita 3.4, maana hicho ndicho kipimo cha mwisho Japani kwa magari yao madogo ya injini ya cc 660. Ukitoa nafasi ya dereva na unene wa milango, unabaki na kitanda cha watu wawili wanaoelewana, au mtu mmoja na mizigo yake. Watu wazima watatu hawaenei. Ukiwa na watoto wawili, beba hema dogo la kusimamisha kando ya mlango.

Na si watalii tu wanaolala hivi. Kuna mafundi wa sola wanaozunguka kaunti tatu kwa wiki, kuna wauzaji wanaofuata siku za soko, kuna wapiga picha za harusi. Kwao gari la kulalia si anasa, ni njia ya kubakisha faida badala ya kuiacha kwa gesti kila usiku.

Kitanda kwanza

Viti vya Noah hulala, ndiyo, lakini hulala kama barabara ya murram baada ya mvua: kuna bonde, kuna tuta, kuna chuma mahali ambapo hukutarajia. Usiku wa kwanza utavumilia. Wa pili utaamka ukitembea kama mzee.

Dawa yake ni jukwaa la mbao. Fundi yeyote wa jua kali anayetengeneza vitanda anaweza kukutengenezea kwa siku moja: plaiwudi nene juu ya fremu nyepesi, ikikatwa vipande vitatu ili uweze kuipandisha na kuishusha mwenyewe. Chini yake unasukuma kreti za plastiki zenye nguo, vyombo na chakula. Juu yake godoro zito la inchi nne, nalo likatwe vipande vitatu, ili mchana vipande viwili viegemee kwenye viti upate mahali pa kukaa. Usiongeze unene wa godoro kwa tamaa. Kila inchi unayoongeza chini unaipoteza juu, na kuna tofauti kubwa kati ya gari ambalo unaweza kuketi wima ukavaa shati na gari ambalo lazima uvae ukiwa umelala chali.

Ushauri wetu ni jukwaa liwe la kutoa na kurudisha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishapita miaka 8, kwa hivyo Noah unayoinunua ikitoka bandarini bado ni gari la thamani. Ukianza kukata viti na kuchoma vyuma kwenye sakafu, unashusha bei yake siku ya kuuza. Pia ukibadilisha umbo la gari au idadi ya viti moja kwa moja, maelezo yaliyo kwenye logbook hayatalingana tena na gari lenyewe, na hapo kuna ruhusa ya NTSA na ukaguzi wa kufuata. Piga simu kwa kampuni yako ya bima pia uwaambie unabeba kitanda na mtungi wa gesi. Dakika kumi za simu, lakini ni afadhali waseme sasa kuliko waseme siku ya ajali.

Lala juu

Watu wengi hupanga safari kwa kuangalia kilomita. Kwa anayelala garini, angalia pia mwinuko. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na bati la gari halikufichi kama ukuta wa mawe.

Magadi iko kwenye mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600. Ni safari ya saa chache tu, lakini ukilala Magadi utafungua kila dirisha na bado utatokwa na jasho, na ukilala Limuru mwezi wa saba utatafuta blanketi la tatu. Nanyuki na Naivasha ziko karibu na mita 1,900, na kwetu hapo ndipo pazuri kabisa: blanketi moja, dirisha wazi kidogo, usingizi hadi asubuhi. Kaskazini kuna mfano mtamu zaidi. Barabara ya lami kutoka Isiolo inapita tambarare yenye joto kali kupitia Archer's Post na Laisamis, halafu inapanda Mlima Marsabit wenye msitu na ukungu. Dereva mwenye hekima huvumilia saa mbili zaidi za kuendesha ili alale Marsabit badala ya kuegesha chini kwenye joto. Ila afike kabla ya giza. Barabara za huko si za kuendesha usiku, kwa sababu ya ngamia na kwa sababu nyingine unazozijua.

Pwani hakuna mlima wa kukuokoa. Pale unahitaji upepo, yaani madirisha mawili yanayotazamana yakiwa wazi na yakiwa na wavu wa mbu. Wavu ule wa madirisha ya nyumba, ukikatwa na kushikiliwa kwa sumaku ndogo kwenye fremu ya mlango, unafanya kazi vizuri sana. Usicheze na mbu pwani, Baringo wala kando ya Ziwa Victoria. Malaria haiulizi kama uko likizo.

Hata kwenye baridi, acha nafasi ya vidole viwili kwenye madirisha mawili. Watu wawili wakipumua usiku kucha ndani ya gari lililofungwa, asubuhi vioo vinatiririka maji, godoro linanuka, na ndani ya mwezi kuna kuvu kwenye plaiwudi.

Hapa tunasema kwa ukali

Usiwashe jiko la makaa ndani ya gari. Si kwa dakika tano za kupasha miguu moto, si kwa sababu dirisha liko wazi kidogo, si kwa sababu makaa yameshakuwa mekundu na hayatoi moshi tena. Makaa mekundu ndiyo hatari yenyewe. Yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuikwepa. Kila msimu wa baridi nchi hii inasikia habari za familia zilizokufa hivyo ndani ya chumba cha nyumba, na gari ni dogo kuliko chumba. Kulala huku injini inanguruma ili upate joto au kiyoyozi ni hatari ileile, hasa ukiwa umeegesha mahali palipozibwa.

Ukisikia baridi, ongeza nguo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa taulo miguuni hushinda jiko lolote.

Kupika ni nje. Mlango wa nyuma wa Noah unafunguka kwenda juu, na hapo tayari una paa la jikoni hata mvua ikinyesha. Meko ya kilo 6 inatosha watu wawili kwa siku nyingi. Ukimaliza, ifunge kwenye valvu, na mtungi usimame wima. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja ndani ya gari hukaa chini, hapohapo chini ya kitanda chako, kwa hivyo kufungua dirisha la juu pekee hakuitoi. Fungua milango yote, na usiguse swichi yoyote wala kiberiti mpaka harufu iishe.

Stima, yaani simu

Sasa tuje kwenye hesabu. Watu hufikiria stima ya gari ni ya muziki na taa. Sisi tunaihesabu kuanzia kwenye simu, kwa sababu kila shilingi yako ya safari iko humo.

Kuchaji simu moja ya kawaida kutoka sufuri hadi kujaa kunakula wati-saa 20 hivi ukijumlisha na zinazopotea njiani. Simu mbili, 40. Taa ndogo ya LED ya wati 5 kwa saa nne, 20. Feni ndogo ya wati 10 usiku kucha, 80. Jumla yake ni kama 140 kwa siku, na hiyo ni kidogo. Betri ya pili ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ni ile ya asidi, tumia nusu tu usiiue mapema, yaani 600. Una siku nne bila jua na bila kuwasha injini.

Halafu unaleta friji. Kale ka friji kadogo ka volti 12 kanaweza kula wati-saa 400 kwa siku kwenye joto, na ghafla betri yako ya siku nne inakuwa ya siku moja na kidogo. Paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, kwa jua letu, inakupa kama hizo 400 siku nzuri. Kwa hivyo friji inawezekana, lakini itakula karibu kila kitu ambacho jua limeleta. Kwa safari ya wikendi, tunaona friji ni gharama ya bure. Kisanduku cha barafu kinatosha, na nyama unainunua siku utakayoipika, kwa bucha iliyo karibu, ikiwa mbichi kuliko yako ya jana.

Jambo moja usilikubali hata fundi akikuambia ni sawa: usichaji vitu vya usiku kutoka kwenye betri inayowasha injini. Betri ya pili iwe peke yake, na kati yake na ile ya gari pawe na kifaa cha kuzitenganisha gari likizimwa. La sivyo utaamka alfajiri na simu iliyojaa na gari lisilowaka.

Na hata ukiwa na betri na sola, beba pawabenki. Moja ya mAh 20,000 inajaza simu ya kawaida mara tatu hivi. Hiyo tunaihesabu kama akiba ya dharura: haichajiwi spika nayo, haichajiwi kamera ya mtoto. Inakaa kwenye droo ya mbele, imejaa, hadi siku inapohitajika.

Maji na mambo ya bafuni tutayapita haraka, maana kila mtu ana utaratibu wake. Mitungi miwili ya lita 20 inawatosha watu wawili siku mbili za kunywa, kupika na kujipangusa. Ukielekea kaskazini ongeza wa tatu. Kwa kuoga, nunua pampu mpya ya lita tano ya aina ile ya kunyunyizia dawa shambani, tunasisitiza mpya, isiyowahi kuonja dawa. Iache juani mchana na jioni una maji ya uvuguvugu. Choo: ndoo yenye kifuniko kwa dharura ya usiku, na vituo vya mafuta mchana.

Mahali pa kuegesha

Kando ya barabara, hapana. Tafuta mahali penye geti na mtu anayekesha. Kuna kambi za kulipia Naivasha, Nanyuki na Nyahururu, pale karibu na maporomoko ya Thomson yenye urefu wa mita zipatazo 74. Kuna viwanja vya misheni ambavyo vitakupokea ukiomba kwa adabu. Kuna gesti ambazo zitakuuzia nafasi ya kuegesha na bafu bila chumba, na hapo ongea bei, usione haya. Kituo cha mafuta cha saa 24 kinaweza kukubali usiku mmoja. Mwone meneja kwanza, halafu mwone soja na umwachie ya chai asubuhi, si usiku. Ukimpa usiku ameshamaliza kazi yake na wewe.

Hifadhi za taifa zina kambi nzuri. Hell's Gate, kwa mfano, ni mojawapo ya chache ambapo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia. Lakini getini hawapokei pesa taslimu. Malipo ya KWS yanapitia eCitizen, na paybill ya serikali ni 222222. Lipia ukiwa bado mjini penye mtandao mzuri, kisha hifadhi risiti kama picha kwenye simu, usiiache ndani ya barua pepe ambayo haitafunguka ukiwa getini na mtandao umeyumba. Mtu akikupigia akisema yeye ni ajenti wa hifadhi na ana bei nafuu kwa namba yake binafsi, mwambie asante, kisha kata simu.

Pesa, ndani na nje ya mtandao

Kwenye lami kuu, kuanzia Mombasa hadi Busia, unaweza kusafiri wiki nzima bila kugusa noti. Mama wa mahindi ana till, wa kupiga pancha ana till, hata anayeosha gari ana namba. Ukiacha barabara kuu mambo hubadilika, na hubadilika kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni mtandao kukosekana. Hapa kumbuka kwamba zile kodi zinazoanza na nyota na kuishia na reli hazihitaji bando la intaneti. Mahali ambapo programu ya simu inazunguka tu bila kufunguka, kodi mara nyingi hupita kwa kijistari kimoja cha mtandao. Zijue kwa kichwa kabla ya kuondoka. Beba pia laini ya pili ya kampuni tofauti, ikiwa imesajiliwa kwa jina lako na ina pesa kidogo ndani. Kilima kisicho na mtandao huu mara nyingi kina ule.

Njia ya pili haitajwi sana: mtandao uko, lakini wakala hana pesa. Wakala wa kituo kidogo ana floti ndogo. Siku ya mnada wa ng'ombe kila mtu anatoa, na kufikia saa nane mchana droo iko tupu. Ukifika jioni ukitaka elfu kumi, atakuambia jaribu kesho, na hakuonei, hana. Kwa hivyo toa pesa mji mkubwa wa mwisho kabla ya kuingia porini. Isiolo, si Laisamis. Kajiado au Kiserian, si Magadi. Toa kiasi cha siku mbili za chakula na lita 20 za mafuta, si zaidi. Chukua noti ndogo, maana elfu moja kwenye kibanda cha maziwa haina chenji. Ukizigawa mahali pawili ndani ya gari, ni bora.

Kwenye malipo yenyewe kuna tabia moja tunaiomba: soma jina kabla ya kuweka PIN. Katika safari zetu tulisimama kwenye kituo kidogo cha barabarani tukanywa chai na chapati. Namba ya till ilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya bango. Tulipoiandika, jina lililotokea lilikuwa la saluni. Tukamwonyesha mama mwenye kibanda, naye akashtuka kuliko sisi. Karatasi haikuwa yake. Aliibandua, na chini yake ilikuwepo namba yake halisi. Chapati za asubuhi nzima zilikuwa zimelipwa kwa mtu mwingine, na wateja wote waliokuwa mbele yetu walikuwa wamebonyeza tu haraka wakiwahi gari. Mama yule alikuwa na watoto wa kusomesha na unga wa kununua. Kusoma jina kunamlinda anayelipa, ndiyo, lakini siku ile kulimlinda aliyelipwa.

Ukishatuma kwa namba isiyo sahihi, omba kurejeshewa papo hapo, usisubiri ufike kambini. Pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kazi inakuwa ngumu. Kinyume chake pia hutokea sana msimu wa likizo: ujumbe unakuambia umetumiwa pesa, dakika moja baadaye mtu analia kwenye simu kwamba alikosea namba, umrudishie. Usirudishe kwa mkono wako. Angalia salio lako kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoingia. Na kama kweli kimeingia, mwambie aombe kurejeshewa kupitia huduma kwa wateja. Mtu mkweli hatakasirika.

Kuhusu kambi unazozipata kwenye kurasa za mitandao ya kijamii, usitume amana kwenye namba ya mtu binafsi kwa sababu ya picha nzuri za machweo. Omba till au paybill yenye jina la biashara, piga simu uongee na mtu aliye pale, uliza jambo ambalo mtu wa pale tu analijua, kama vile geti linaangalia upande gani wa barabara. Ukilazimika kulipa kabla, lipa sehemu. Na polisi wa barabarani akikuambia faini inalipwa kwa namba ya simu ya rafiki yake, hiyo si faini.

Bajeti ya mafuta ndiyo inayovunja safari nyingi, na inahesabika mapema. Tuseme gari lako linaenda kilomita 10 kwa lita. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, kwa hivyo lita 48 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kabla hujazunguka popote. EPRA hutangaza bei mpya za juu tarehe 14 ya kila mwezi, zikianza kutumika tarehe 15. Ukianza safari tarehe 13, hesabu ya kurudi huenda ikabadilika. Hiyo pesa ya mafuta ya kurudi itenge kwenye akaunti ya akiba ndani ya simu, mbali na salio la kila siku, ili nyama choma ya usiku wa tatu isiimeze. Mkopo wa dharura kwenye simu ni wa dharura: tairi limepasuka, mtoto ana homa. Una gharama kila siku unapokaa nao, na ukiwa barabarani utakaa nao siku nyingi kuliko ulivyodhani.

Jambo dogo kuhusu ada: ada za kutuma kwa mtu hupanda kwa ngazi, kwa hivyo kutuma shilingi 200 mara tano hukugharimu zaidi ya kutuma 1,000 mara moja. Mkisafiri wawili na mnagawana gharama, pigeni hesabu mwisho wa siku na mtumiane mara moja, si kila mnapokunywa soda.

Kisha ile siku ambayo hakuna anayeipenda: simu imepotea, imeanguka ziwani, imeibwa dirishani ukilala. Kitambulisho chako kisikae kwenye kifuko kimoja na simu, kwa sababu bila kitambulisho hupati laini mpya. Andika namba ya huduma kwa wateja kwenye karatasi, uiweke kwenye kisanduku cha glavu, ili uweze kuazima simu ya yeyote na kufunga akaunti yako ndani ya dakika chache. Laini iwe na PIN yake, tofauti na PIN ya pesa. Na PIN ya pesa isiandikwe popote ndani ya gari, hata nyuma ya kioo cha jua ambapo unafikiri hakuna anayeangalia. Huko ndiko wanakoanzia.

Tuseme ukweli pia kuhusu thamani. Kama utalala kwenye gari usiku mbili kwa mwaka, jukwaa, betri, paneli na godoro vitakugharimu zaidi ya vyumba vya gesti ambavyo ungelipia, na gesti ina bafu. Mpango huu unaanza kulipa kwa mtu anayetoka kila mwezi, au anayesafiri kikazi. Kwa wengine wote, kukodisha gari ambalo tayari limetengenezwa ni busara, na masharti ya amana ni yaleyale tuliyoyasema juu.

Ukitaka kujaribu kabla ya kutumia hata shilingi, lala usiku mmoja kwenye gari lako hapohapo nyumbani kwenye ploti. Mwambie kwanza caretaker, asije akakumulika na tochi saa tisa usiku. Tandika godoro la kitandani, fungua dirisha kidogo, tumia simu jioni yote kama ungekuwa safarini: ramani, picha, malipo mawili matatu. Asubuhi angalia mgongo unasemaje, vioo vina maji kiasi gani, na simu imebaki na asilimia ngapi.